Dripu ya Kwanza

"Usipige matairi, Kozi. Narudia, usipige matairi."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Kozi. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania usukani wa pikipiki yake, Yamaha nyeusi isiyo na namba, na mbele yake gari la friji, Isuzu jeupe, lilikuwa likiyapita magari mengine kwa fujo, likivunja vioo vya watu na kuwasukuma wengine kwenye mtaro.

Risasi ya kwanza ikapita juu ya kichwa.

Ya pili ikachana bega la jaketi lake.

"Nasikia milio," alisema Mkuu.

"Na mimi naisikia."

"Huo mzigo hautakiwi kutikiswa. Wala kupata joto. Gari likipinduka, tumepoteza kila kitu."

"Sasa nilisimamishe vipi, Mkuu? Nilibembeleze?"

"Ndiyo. Kama mtoto aliyelala."

Kozi alitukana kimoyomoyo, akavuta mafuta.

Idara ya usalama ilikuwa imepenyezewa habari asubuhi hiyo: gari la friji linakimbizia dawa ya serikali kwenye uwanja wa ndege wa watu binafsi, nje ya mji. Ni ile dawa mpya ya saratani. Ajabu ni kwamba maabara walipoulizwa walisema hawajaibiwa kitu, ghala lao limejaa. Mkuu hakuridhika. Alimwamsha Kozi kwa neno moja kwenye simu.

"Ruka."

Hivyo ndivyo alivyomtuma siku zote. Kozi ni ndege wa mawindo, hupewi jina hilo kwa sababu ya kutaga mayai.

Aligusa ukingo wa miwani yake. Dunia ikageuka kijani, na vitu vyenye joto vikawaka vyekundu. Ndani ya Isuzu kulikuwa na watu wawili mbele. Mmoja anaendesha, mwingine amening'inia dirishani na bastola. Nyuma, katikati ya baridi, kulikuwa na wa tatu amejikunyata.

Aliyening'inia alikuwa upande wa kushoto. Kozi akahamia kulia.

Sasa yule wa bastola hamwoni.

Aliisogeza Yamaha hadi ikawa bega kwa bega na mlango wa dereva. Akapandisha mguu mmoja kwenye kiti. Akaruka.

Pikipiki ilianguka na kuserereka ikitoa cheche hadi ikajikita kwenye nguzo ya taa. Kozi alikuwa amening'inia kwenye mkono wa kioo cha pembeni, miguu ikitafuta kipandio. Dereva alimpiga kiwiko cha mdomo. Damu ikamjaa kinywani. Akaitema, akaingiza mkono wenye bastola yake ya Glock dirishani, ukapita mbele ya pua ya dereva, na kufyatua.

Yule wa dirishani alidondoka nje kama gunia.

"Breki," Kozi alisema. "Taratibu."

Dereva alifungua mdomo kujibu. Hakuwahi. Ukuta wa nyuma ya kichwa chake ulitoboka matundu. Yule wa kwenye friji alikuwa anapiga risasi bila kujali anampata nani, na aliyempata ni mwenzake. Dereva alilalia usukani, mguu wake ukakandamiza mafuta.

Gari likaruka mbele.

Kozi alijipenyeza dirishani kichwa mbele, akaubandua mkono wa dereva usukanini, akausukuma mguu wake kando. Mbele kulikuwa na foleni kwenye taa nyekundu. Nyuma ya mgongo wake risasi ziliendelea kutoboa bati. Angeweza kujibu. Lakini kila risasi yake ingepita kwenye ile dawa.

Akaingiza gia ndogo. Kisha ndogo zaidi. Gari likanguruma, likapunguza, likanguruma tena. Risasi moja ilimchuna ubavuni, akauma meno, lakini mguu wake kwenye breki haukushtuka.

Isuzu ilisimama nyuma ya basi la wanafunzi kama imeegeshwa na mwanafunzi wa udereva siku ya mtihani.

Alishuka. Alikwenda nyuma. Alisimama pembeni ya mlango, akausubiri.

Mlango ulipofunguliwa ulitangulia mtutu. Kozi aliudaka, akauvuta. Mtu mzima na bunduki yake wakaja pamoja. Walianguka wote kwenye lami. Yule bwana alikuwa na nguvu, na baridi ilikuwa imemtia hasira. Alimkaba Kozi koo, vidole vyake vikiwa baridi kama vya maiti. Kozi akamgonga pua kwa kipaji cha uso. Mara mbili. Mikono ilipolegea akamgeuza, akampiga kisogo kwenye bampa.

Hakunyanyuka tena.

Breki za Toyota Hilux zililia nyuma yake. Mwenzake wa Idara aliruka chini na sanduku la barafu mkononi. Ofisi nzima ilimwita Shemeji tangu alipomuoa mdogo wake Mkuu, na hata risiti za chakula alisaini hivyo.

"Umeacha mtu wa kumhoji au ndiyo kawaida yako?"

"Dereva anapumua," alisema Kozi. "Angalia mzigo."

Shemeji aliingia kwenye friji.

"Kozi. Njoo uone."

Kulikuwa na kasha moja tu. Dogo, la chuma, lenye utepe mwekundu na muhuri wa jengo la saratani la hospitali kuu. Ndani yake vichupa vimepangwa kwenye sponji, vizima, maji yake maangavu kama machozi.

"Hili si la ghalani," alisema Shemeji. "Hili ni lile lililopelekwa hospitali jana, kwa ulinzi. Ndilo wanalotundikiwa wagonjwa leo."

Kozi alilitazama kasha. Kisha akamtazama Shemeji.

"Kama la hospitali liko hapa," alisema polepole, "hospitali kuna nini?"

Hakungoja jibu. Alirudi mbele, akamvuta dereva kwenye kiti na kumlaza barabarani. Jeraha lilikuwa la bega. Akaweka kiatu juu yake.

Dereva alipiga yowe.

"Mmeweka nini kwenye friji ya wodi?"

"Sijui!"

Kiatu kikazama.

"Vichupa! Vichupa kama hivyohivyo! Mshauri ndiye aliyebadilisha, mimi dereva tu!"

"Vina nini?"

"Sumu." Alikuwa analia sasa. "Walisema moyo unasimama tu. Mbele ya kamera. Wameita waandishi wa habari…"

Kozi aliondoa kiatu. Mshauri huyo Kozi alimfahamu kwa picha. Mgeni mrefu, mtaalamu aliyeletwa kutoka nje kusaidia majaribio ya dawa, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama amemeza kitabu cha sarufi.

Alipiga simu ya Mtafiti, yule mama aliyeitengeneza dawa yenyewe. Iliita kwa muda.

"Mtafiti ana shughuli," ilisema sauti ya mwanaume.

"Wewe nani?"

"Msaidizi wake."

Nyuma ya sauti hiyo mwanamke alipiga kelele. Kelele ikakatwa katikati. Simu ikazimwa.

"Mkuu, umesikia?"

"Nimesikia. Simu ya wodi haipokelewi. Mapokezi wanasema Mshauri amekusanya simu za wauguzi wote, eti zinasumbua mashine. Na mlango wa wodi umefungwa kwa ndani."

"Polisi?"

"Wako njiani. Wewe uko karibu zaidi."

Kozi alitazama huku na huku. Yamaha yake ilikuwa imekumbatia nguzo. Kando ya barabara msambaza vifurushi alikuwa amesimama juu ya pikipiki yake, mdomo wazi, hajui akimbie au apige picha. Kozi alimshusha kwa ukosi wa shati.

"Dada! Hiyo ni ya kazi!"

"Na mimi niko kazini."

Alimgeukia Shemeji. "Hamishia kasha kwenye barafu. Lilete hospitali. Ukipita kwenye tuta kwa kasi, mdogo wake Mkuu atakuwa mjane."

"Unataka niendeshe polepole wakati watu wanakufa?"

"Mimi nitakimbia kwa niaba yako."

Na akakimbia. Alipita juu ya vidaraja vya waenda kwa miguu, akapita katikati ya malori mawili yaliyokuwa yanabishana njia, vifurushi vya watu vikidondoka nyuma yake kimoja kimoja. Ubavu uliochunwa ulikuwa unawaka. Hakuufikiria. Alikuwa akimfikiria shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alikufa kwa saratani ya tezi, kwenye godoro sebuleni, dawa ya aina hiyohiyo ikiwa inauzwa ng'ambo kwa watu wenye uwezo wao. Ndiyo maana siku Mtafiti alipokuja Idarani kuwaeleza kwa nini dawa yake inahitaji ulinzi, Kozi alisikiliza kila neno.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama yule alisema. "Saratani si mgeni. Ni chembe zako mwenyewe zilizoasi. Askari wa mwili wanapishana nazo, wanazidhania ndugu. Sasa sisi tunatengeneza kingamwili. Zikiingia kwenye damu zinaisaka ile chembe iliyoasi, zinaing'ang'ania, zinaitia alama. Askari wakiiona alama, hawaulizi tena. Wanashambulia."

"Wote wanapona?" Kozi aliuliza.

"Hapana. Sitakudanganya. Lakini wapo wanaopona, na kwa sasa hata hao tunawazika."

Jengo la saratani lilitokea. Mbele yake kulikuwa na magari ya waandishi wa habari. Kozi aliizunguka hospitali, akaitupa pikipiki kwenye mlango wa chumba cha kufulia, akaingia kupitia milima ya mashuka machafu.

"Niko ndani."

"Chumba cha kuchanganyia dawa, ghorofa ya pili," alijibu Mkuu. "Kimepakana na wodi."

Ngazi alizipanda kwa kuruka. Mlango wa chumba ulikuwa wa chuma. Kwenye kitasa kulikuwa na alama za vidole, mbichi, nyekundu.

Akausukuma kwa bega na kuingia na Glock mbele.

Alimwona Mtafiti kwanza. Alikuwa amefungwa kwenye kiti, tambara mdomoni, mkono wa kulia umelala mapajani ukiwa umevimba, vidole vimeelekea kusikoelekea vidole. Mlango wa friji ulikuwa na damu ukingoni. Waliupondea hapo.

Macho ya mama yule yalikuwa yanatazama juu ya bega la Kozi.

Kozi alijirusha kando. Mtungi wa oksijeni ulipita pale kichwa chake kilipokuwa na kupasua vigae. Nyuma ya mlango alisimama pandikizi la mtu, kipara kinang'aa kwa jasho, ameushika mtungi kama wengine wanavyoshika chupa ya soda.

Kozi akafyatua, lakini Kipara alikuwa amekwishaugeuza mtungi. Risasi iligonga chuma, ikaruka dari. Pigo la pili likaipata bastola. Ikateleza chini ya meza.

La tatu likampata yeye.

Alirushwa kwenye rafu. Mabomba ya sindano na chupa za maji ya dripu zilimwagikia juu yake. Kitu ndani ya mbavu zake kilisema *kah*.

"Umechelewa, mama," alisema Kipara. Ilikuwa ni ile sauti ya kwenye simu. "Dripu ya kwanza imeshapelekwa."

Akatoa kisu.

Kozi alisubiri akiwa chini, akihema kama aliyekata tamaa. Kipara aliinama kummaliza. Hapo ndipo Kozi alipoipasua chupa ya dripu usoni mwake. Mtu yule akapiga kelele, akakichoma kisu sakafuni. Kozi alikuwa mgongoni mwake tayari, mpira wa dripu umezunguka shingo nene, goti limejikita kwenye uti wa mgongo.

Kipara aliinuka naye. Akajibamiza ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili. Mbavu za Kozi zikalia. Macho yakaona giza.

Hakuachia.

Kipara alipiga magoti. Akalala. Mguu wake mmoja ulicheza kidogo kwenye maji yaliyomwagika, kisha ukatulia.

Kozi alikata kamba za Mtafiti kwa kisu kilekile na kumtoa tambara.

"Acha mimi!" mama alifoka kabla hata hajapumua. "Wodini! Wamekwishatundika!"

Ukutani kulikuwa na kidirisha cha kupitishia dawa. Ng'ambo yake ndiko wodini. Kozi aliitafuta Glock kwa macho, hakuiona. Hakukuwa na muda wa kupapasa.

Alipita kidirishani kama mwizi.

Wodi ilikuwa safi, yenye mwanga, tulivu. Wagonjwa wamekaa kwenye viti vya kuegemea, wamefunikwa mashuka. Nyuma ya ukuta wa kioo kamera zilikuwa zimejipanga. Kwenye kiti cha kwanza, karibu na dirisha, alikaa mzee mwembamba mwenye tai, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekataa kuja kutibiwa bila tai. Sindano ilikuwa mkononi mwake. Juu yake ulining'inia mfuko. Muuguzi kijana alikuwa ameshaifungua dripu.

Na pembeni, ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi, Mshauri alikuwa anatabasamu kuelekea kwenye kamera.

Kozi aliyaona maji yakishuka mrijani. Yalikuwa yamekaribia mkono.

Alikimbia. Aliruka kiti kimoja, akateleza, akaudaka mrija kwa mkono wa kushoto. Akaukunja. Akaukaza ngumi.

Maji yakasimama.

"Mwanamke huyu ni kichaa!" Mshauri alipaza sauti. "Walinzi! Ni muuaji!"

"Chomoa sindano!" Kozi alimwambia muuguzi. "Ni sumu!"

Muuguzi alitazama damu usoni mwa Kozi. Alitazama koti jeupe la Mshauri. Hakuigusa sindano.

Mshauri alinyakua sinia la chuma na kumpiga Kozi mbavuni. Palepale palipovunjika. Kozi aliona nyota. Akapigwa tena, safari hii ya shavu, na jino likatoka. Angeweza kujikinga kwa mikono miwili. Lakini mmoja alikuwa ameukaza mrija, na kufungua ngumi hiyo ni kumuua mtu. Akatumia wa kulia peke yake, akizuia hili, akila lile.

"Binti," ilisema sauti ya utulivu kando yake.

Mwalimu alikuwa ameichomoa sindano mwenyewe. Aliishikilia juu kama kipande cha chaki, damu ikimtiririka kwenye kiganja.

"Achia sasa," alisema. "Tayari nimetoka kwenye hesabu."

Kozi aliachia.

Mkono wa kushoto, uliokuwa umechoka kwa kukaza, ulitua puani mwa Mshauri kwa nguvu zote zilizokuwa zimebaki humo. Mfupa ulivunjika kwa sauti ambayo hata walio nyuma ya kioo waliisikia. Wa kulia ukafuata tumboni. Koti jeupe likageuka jekundu.

Lakini Mshauri hakuwa mtaalamu wa dawa tu. Alijibiringisha, akaibuka na bastola fupi yenye kinyamazishio. Puf. Ukuta wa kioo ukaporomoka juu ya waandishi wa habari. Puf. Kozi alimfunika mwalimu kwa mwili wake, risasi ikapasua mto pembeni ya sikio lake. Alipoinua kichwa, Mshauri alikuwa anaruka juu ya vipande vya vioo kuelekea ngazi.

"Wewe!" Mtafiti alikuwa amejitokeza kidirishani, uso umepauka, Glock imening'inia kwenye mkono wake mzima. "Ilikuwa chini ya meza. Shika!"

Kozi aliidaka hewani.

"Shemeji, uko wapi?"

"Naingia getini," ilijibu sauti sikioni. "Polepole kama bibi harusi."

"Simama hapohapo!"

Onyo lilikuwa limechelewa. Kozi alipotokea nje, Mshauri alikuwa amekwishamtupa chini dereva wa gari la wagonjwa na kukamata usukani. King'ora kililia. Gari liligeuka kwa matairi ya upande mmoja na kuelekea getini. Na katikati ya geti, likiwa halina pa kupita, Hilux lilikuwa linapanda tuta kwa upole, Shemeji amelikumbatia sanduku la barafu kwa mkono mmoja.

Mshauri alimwona. Aliliona sanduku.

Hakupunguza. Aliongeza.

Kozi alikimbia kukata kona, akasimama katikati ya njia, mgongo kwa Hilux, uso kwa gari la wagonjwa. Akaishika Glock kwa mikono miwili. Kila alipovuta pumzi mbavu zilimchoma, basi akaacha kuvuta.

Akafyatua.

Kioo cha mbele kikawa utando wa buibui. Akafyatua tena palepale. Na tena. Upepo wa gari ulikuwa umekwishamfikia usoni lilipoyumba, likamkosa kwa unene wa nguo, likakwangua ukuta na kuingia kwenye kibanda cha jenereta kwa kishindo kilichozima taa za sehemu nzima ya kufulia.

King'ora kilikohoa, kikanyamaza.

Mshauri alitambaa nje. Paja lake lilikuwa limetoboka. Aliegemea tairi, akatoa pasipoti ndogo nyekundu, akaiinua kwa vidole vya damu.

"Huwezi kunigusa," alisema, Kiswahili chake bado kimenyooka. "Ninayo kinga. Ya kibalozi."

"Kwa nini uwaue?" Kozi aliuliza. "Dawa mlikuwa mmeshaiiba."

"Kuiiba hakutoshi, dada. Leo wangekufa kwa dawa yenu, na nani angeitaka tena? Mwakani wangepona kwa yetu." Alicheka, akatema damu. "Dawa ileile. Jina lingine kwenye chupa. Biashara tu."

Mkono wake wa pili ulikuwa unaingia taratibu chini ya koti.

Kozi aliuona.

"Wagonjwa wote kule juu walizaliwa na kinga," alisema. "Iko siku inazidiwa."

Bastola yenye kinyamazishio ilitoka. Glock ikaiwahi.

Ilikuwa risasi moja. Pasipoti ilianguka kwenye dimbwi la maji ya rejeta.

Polisi walifika kwa vishindo vyao, ving'ora vyote, kila mmoja akitaka kukamata mtu aliyekwishakufa. Kozi aliwapita. Alilipokea sanduku kwa Shemeji na kulibeba mwenyewe hadi juu, hatua kwa hatua, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

Mtafiti alikataa kuguswa mkono kabla ya kuiona dawa. Alikaa kwenye kiti kilichopinduliwa, vidole vimefungwa kwa bandeji ya haraka, akainua kichupa kimoja kimoja kuelekea mwanga wa dirisha. Dawa hiyo ikitikiswa hugandana vipande vidogo, vyeupe kama mtindi ulioharibika, na hapo huwezi tena kumpa mtu. Wodi nzima ilikuwa ikimwangalia.

"Safi," alisema juu ya cha kwanza.

Akainua kingine. "Safi."

Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Alipofika cha mwisho alikiweka chini, akafunika macho kwa mkono mzima, mabega yakatikisika.

"Vyote," alisema. "Vyote ni vizima."

Dripu mpya ilichanganywa na muuguzi, Mtafiti akimsimamia kila hatua. Safari hii muuguzi hakusita. Alimtafuta mwalimu mshipa mwingine, kwenye mkono wa pili.

"Mama," mwalimu alimuuliza Mtafiti, "ukweli wako. Nitapona?"

"Sijui, mwalimu. Kuna watakaopona kabisa. Kuna watakaopata miaka. Kuna ambao haitawasaidia kitu. Hatujui nani ni nani mpaka tujaribu."

Mzee alifikiri.

"Jana jibu langu lilikuwa sifuri," alisema, akainyoosha tai yake. "Endelea."

Muuguzi alifungua. Tone la kwanza likaanguka kwenye kikombe kidogo cha plastiki chini ya mfuko, likafuatwa na la pili. Mtafiti alikuwa akiyatazama huku midomo yake ikicheza, kama anayeyaita kwa majina.

Kozi alisimama mlangoni hadi maji yalipoingia mkononi mwa mzee na mzee akafumba macho, akiwa anapumua vizuri. Kisha akavaa koti la muuguzi lililokuwa limetundikwa msumarini, akalifunga vifungo hadi shingoni kuficha damu, akashuka kwa ngazi za nyuma.

"Kozi," sauti ya Mkuu sikioni. "Taarifa."

"Dripu inashuka."

"Wewe je?"

"Mbavu. Na jino."

"Rudi juu wakutazame. Uko hospitali, jamani."

"Hospitali imejaa wagonjwa, Mkuu."

Alikitoa kile kidude sikioni na kukitia mfukoni.

Kwenye geti la nyuma mlinzi mzee alikuwa amesimama na kirungu, akinyoosha shingo kutazama moshi wa jenereta. Alimwona Kozi na koti lake jeupe, akamfungulia haraka.

"Wahi nyumbani, binti yangu," alimnong'oneza. "Wanasema kuna mwanamke humo ndani anaua watu kwa mikono mitupu."

"Asante, baba," alisema Kozi. "Nitakuwa mwangalifu."

Akavuka barabara, akachanganyika na watu waliokuwa wakitoka sokoni.